Nyongeza ya Mzee Feliksi

Ndugu zangu wa Gungu, na nyinyi wa Mwanga mnaojifanya siku ile hamkuwepo, sogeeni niwaeleze. Mimi ni Yunisi, fundi cherehani. Meza yangu iko barazani, na ng'ambo ya barabara, usoni pangu kabisa, liko dirisha la maabara ya chama chetu cha wafugaji. Nikiinua macho kutoka kwenye sindano namwona Mzee Feliksi ndani, na koti lake jeupe. Kwa hiyo asije mtu hapa akasema Yunisi kasikia kwa watu. Nimeona mwenyewe.

Ilikuwa asubuhi tulivu. Mvua ya alfajiri ilikuwa imelaza vumbi, bodaboda wanabishania mpira kivulini, na jirani fulani anakaanga samaki wetu wa ziwani, migebuka, kwa mawese, harufu inatutesa wote tusioalikwa. Verediana, mke wa Feliksi, alikuwa kwangu akishikashika kitambaa cha gauni la harusi la binti yao Frida. Frida alikuwa ameposwa na Yona, fundi wa injini za boti kule Kibirizi, kijana wa maneno machache na mikono ya grisi. Walipendana hao, jamani. Kijana akija hapa kumsubiri mchumba wake apimwe gauni, anakaa kwenye benchi langu anatazama chini, anatabasamu na viatu vyake.

Mara dirisha likafunguka, Feliksi akatoa kichwa.

"Mama Frida! Majibu ya mtamba wa akina Yona yametoka. Ana mimba!"

Verediana akaangusha kitambaa akapiga vigelegele. Nami nikapiga, kwa nini nisipige? Katika mahari, Feliksi alikuwa ameomba mambo mengi madogo na jambo moja kubwa: mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajawahi kuzaa, lakini awe tayari na mimba. Alisema anataka kunywa maziwa ya mkwewe kabla hajazeeka. Akina Yona wakamtafuta mtamba mpaka Kasulu, damu yake ikavutwa, ikaletwa maabara, na sasa majibu hayo. Harusi ikawa imebakiza kushona na kupika.

Tulishangilia wenyewe, kwa midomo yetu. Ngojeni.

Kwanza mmjue Feliksi. Mama yake, Mungu amrehemu, aliuza mawese sokoni Mwanga, na sifa yake ilikuwa moja: nyongeza. Ukinunua chupa, anaijaza mpaka shingoni, halafu anakutazama usoni, halafu anachota tena kidogo anakumiminia kwenye kikopo chako, "nyongeza hiyo, mwanangu." Watu walikuwa wanawaruka wauzaji wengine wanakwenda kwake. Feliksi alilelewa chini ya meza ile. Kwake yeye, mtu anayepima akaishia kwenye mstari ni mtu mwenye roho mbaya.

Akaenda chuo, akasomea maabara, akarudi na cheti. Nyongeza akarudi nayo vilevile. Nyumbani kwake chai ina sukari na nyongeza ya sukari. Daktari akimwandikia dawa ya kikohozi kijiko kimoja, anakunywa kijiko na nyongeza, halafu anasinzia kwenye mkutano. Mbuzi wao aliwahi kupewa dawa ya minyoo na nyongeza. Yule mbuzi alishinda kutwa amesimama anatazama ukuta, Verediana anamwita kwa jina, hageuki. Tulicheka sana. Nani angejua kwamba kicheko kile kitatutokea puani?

Sasa, kabla ya majibu hayo ya mtamba, chama chetu kilikuwa kimepata mashine. Mwenyekiti wetu, Mzee Bonifasi, alihangaika mpaka ikaja, na akaja nayo binti mmoja mtaalamu kutoka Dar es Salaam, anaitwa Shadia, kutufundisha. Mlango ukaachwa wazi, nasi tukajazana kutazama. Mashine yenyewe ni mkono wa chuma unaotembea juu ya sahani yenye vishimo vidogo, kila ng'ombe na kishimo chake. Mkono unavaa ncha mpya ya plastiki, unanyonya tone la maji ya damu ya ng'ombe wa kwanza, unaliweka kwenye kishimo chake, kisha unaitupa ile ncha kwenye ndoo. Unavaa ncha nyingine kwa ng'ombe wa pili. Mwisho vishimo vyote vinatiwa dawa. Kishimo kikigeuka njano, ng'ombe ana mimba. Kikibaki cheupe, hana, urudi kwa dume.

"Kuna mambo mawili tu," Shadia alisema. "Tone la kila ng'ombe liwe sawa na la mwenzake, na tone la huyu lisimguse yule. Mashine inajua kipimo. Nyinyi kazi yenu ni kuweka vichupa, kubonyeza, na kukaa. Msiongeze, msipunguze. Na nawaomba sana wazee wangu, msiisaidie."

"Tumeelewa, mwanangu," Feliksi akasema, na Mzee Bonifasi akaitikia kwa kichwa mpaka kofia ikaanguka.

Shadia akapanda ndege akarudi kwao. Nyinyi mnajua kilichofuata, maana nyinyi ndio mlioanza. Ndiyo, nyinyi! Siku ya kwanza tu, mmepanga foleni pale dirishani, mnachungulia. Mzee Bonifasi mwenyewe ndiye aliyefungua mdomo.

"Feliksi, chupa nzima ya damu nimeleta. Mashine imechukua hicho kitone tu?"

"Ndiyo kipimo chake, Mzee."

"Kipimo gani hicho? Hata kunguni hunyonya zaidi. Niongezee, bwana! Mama yako asingenifanyia hivi."

Akasikia jina la mama yake. Nilimwona kwa macho yangu, uso ukamlegea. Akatazama huku na huku kana kwamba Shadia yuko nyuma ya pazia, akafungua droo akatoa kibomba kidogo chenye mpira wa kubinya, cha dawa ya macho. Mashine ilipomaliza kuweka matone yake, akachovya kwenye chupa ya Bonifasi, akadondosha tone jingine juu ya lile la kwanza. "Nyongeza hiyo, Mzee wangu."

Foleni nzima ikasema, "Na mimi!"

Basi akampa kila mtu. Kutoka chupa hii kwenda kishimo hiki, kutoka chupa ile kwenda kishimo kile, kwa kibomba kilekile. Katikati anakisuuza, maana Feliksi si mchafu, anakisuuza kwenye kikombe cha maji. Kikombe kimoja, maji yaleyale tangu asubuhi mpaka jioni. Hata mimi niliyesomea vifungo na zipu nilikiona kile kikombe nikadhani ni cha kunywea.

Tangu siku hiyo Gungu pakawa raha tupu. Kila siku ya majibu ni vigelegele. Wa huyu ana mimba, wa yule ana mimba, wa Mzee Bonifasi ana mimba ingawa hajakutana na dume tangu msimu wa mahindi uliopita. Hakuna aliyeuliza. Mtu akipewa habari njema anauliza nini? Bonifasi akajenga banda la ndama, akalipaka chokaa, akaanza kutafuta jina. Mashine ikasifiwa, Feliksi akasifiwa zaidi. "Ile ya Feliksi ina mkono wa baraka," watu walisema, naye anainamisha kichwa kama padri aliyesifiwa mahubiri.

Baada ya majibu yale niliyowaambia, mtamba wa mahari akafika nyumbani kwa Feliksi kwa shangwe. Verediana akanunua ndoo mpya ya kukamulia, akaining'iniza ukutani sebuleni badala ya picha. Nusu ya mtaa akatuahidi maziwa. Kila asubuhi Feliksi anakwenda zizini, anamsalimu mtamba kama mtu, "Mwakeye, mama," anampapasa tumbo, anaongeza majani, halafu nyongeza ya majani.

Miezi ikapita. Mtamba akanenepa mgongo, akanenepa mapaja, akanenepa shingo. Tumbo likabaki tumbo. Mwisho Verediana akamwita bwana mifugo, akaja, akavaa glavu ndefu, akapima kwa mkono. Akatoa mkono akatikisa kichwa.

"Mama, humu hamna kitu. Wala hajawahi kuwa nacho."

Hapo ndipo amani ya nyumba ile ilipovunjika. Feliksi angesema, "Labda nimekosea," tungeishia hapo. Mwenye kusifiwa kila siku hakosei, bwana! Akawaita akina Yona siku ileile. Akaja Yona, na akaja shangazi yake Agnesi, aliyemlea baada ya wazazi kufariki.

Huyu Agnesi nanyi mnamjua. Anauza dagaa sokoni Mwanga, nyumbani kwake ni Mwandiga, ana ng'ombe wake huko. Kopo lake la dagaa analisawazisha kwa kijiti mpaka juu kunakuwa bapa. Ukimwambia "niongezee, mama," anakujibu "nikuongezee cha nani?" Hajawahi kumpa mtu nyongeza, wala hajawahi kumpunja mtu hata dagaa mmoja. Wengi hawampendi. Mimi nanunua kwake.

Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka gauni. Salamu zilikwenda vizuri, shikamoo zikaitikiwa, kahawa ikaletwa. Kisha Feliksi akakohoa.

"Mama Agnesi, mmeniletea mtamba mtupu."

"Mtupu? Si wewe uliyetangaza dirishani kuwa ana mimba? Mji mzima ulisikia."

"Mashine ilisema ana mimba. Mashine haikosei. Kwa hiyo ile damu haikuwa ya mtamba huyu. Mlileta damu ya ng'ombe mwingine."

Yona akatazama viatu vyake, safari hii hatabasamu. Agnesi akaweka kikombe cha kahawa chini taratibu.

"Baba Frida, unaniita mwizi? Mimi?"

"Sijakuita. Nasema damu."

"Ego," akasema Agnesi, ndiyo ya Kiha, ndefu, inayotoka tumboni. "Basi nimesikia."

Feliksi akasema hakuna harusi mpaka aletwe mtamba mwenye mimba ya kweli. Yona alikuwa ameweka kila alichokuwa nacho kwa yule mmoja, hakuwa na mwingine. Frida akatoka chumbani bila kuitwa, macho mekundu.

"Baba, kipimo si kilikuwa chako?"

"Mashine haikosei, mwanangu."

"Basi ng'ombe ndiye aliyekosea?"

"Nenda ndani, Frida."

Akaenda ndani. Ndugu zangu, msichana yule alikonda. Nasema ninachokijua, mimi ndiye mwenye futi. Alipokuja kujaribu gauni mara ya kwanza lilimkaa vizuri. Akaja tena linapwaya kiunoni, nikapunguza. Akaja tena, nikapunguza tena. Safari ya mwisho sikupunguza, nilimkalisha kwenye benchi nikamwagizia chapati na maharage, nikamwambia kitambaa hakiwezi kukatwa zaidi, ale. Akala kidogo akalia sana. "Mama Yunisi, Yona anataka kwenda kutafuta kazi Kalemie, ng'ambo ya ziwa. Anasema hawezi kuoa mahali shangazi yake anaitwa mwizi. Akivuka harudi." Roho iliniuma. Kule dirishani nasikia vigelegele vya watu wengine wanaoambiwa wana ndama.

Na Verediana? Akaiondoa ile ndoo ukutani, akaiweka uvunguni. Chakula akawa anampakulia mumewe bila neno. Kijiko kimoja cha mboga, kimesawazishwa.

Sasa Agnesi. Mtu wa kusawazisha kopo haachi jambo likiwa limeinama upande. Siku ya vipimo nikamwona anakuja polepole, kanga mbili, kikapu mkononi. Akaenda dirishani, akasalimu kwa adabu zote kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mwakeye, Baba Frida."

Feliksi akashtuka kidogo. "Mwakeye, mama. Karibu."

"Nimeleta damu ya ng'ombe wangu wa Mwandiga. Bwana mifugo wetu kaivuta leo. Jina limeandikwa kwenye kichupa."

Feliksi akasoma. "Meneja?"

"Ego. Anaitwa Meneja. Na tafadhali," akasogea dirishani, akalegeza sauti, Agnesi huyuhuyu, "usininyime nyongeza."

Nikaacha kukanyaga cherehani. Agnesi anaomba nyongeza! Feliksi naye moyo ukamjaa. Alidhani mama yule amekuja kutafuta suluhu kwa njia ya kiutu uzima. Akampa tone la nyongeza, na juu yake nyongeza ya nyongeza. Agnesi akakaa kwenye benchi langu akisubiri, akaniomba sindano akashona ukingo wa kanga yake, mishono midogo iliyolingana kama ya mashine.

Jioni jua likielekea Kongo, dirisha likafunguka.

"Wa Mama Agnesi!" Feliksi akatangaza kwa furaha. "Meneja ana mimba!"

Vigelegele, kama kawaida. Agnesi hakupiga. Akarudisha sindano, akasema asante, akaondoka.

Kesho yake mchana, watu wakiwa wamejaa pale maabara, tukaona barabara inafunguka. Bodaboda wanasogeza pikipiki, wanafunzi wanakimbilia mitaroni. Anakuja Agnesi mbele, nyuma yake Yona ameshika kamba, na kwenye kamba kuna dume la ng'ombe, jeusi, pembe hizi, nundu hiyo, linatembea kwa maringo ya mwenye mali. Lilikuwa dume kweli kweli, na ushahidi wote ulikuwa unaning'inia hadharani.

Agnesi akalisimamisha chini ya dirisha.

"Baba Frida, toka umwone mgonjwa wako. Huyu ndiye Meneja. Jana umetangaza ana mimba. Nimemleta unieleze atazalia wapi."

Yalaa! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Dereva mmoja wa bodaboda alipiga kelele, "Hongera Meneja!" na Meneja akageuka akamtazama, yule dereva akaacha kucheka. Feliksi alitoka na koti lake jeupe, akalitazama dume mbele, akazunguka akalitazama nyuma. Akarudi mbele.

Mzee Bonifasi hakucheka hata kidogo. Alikuwa anafikiria banda lake lenye chokaa. "Kwa hiyo," akasema taratibu, "na wangu?"

Kicheko kikakatika. Kila mtu akamkumbuka ng'ombe wake. Palepale kelele zikageuka: mashine imerogwa, mashine mbovu, mashine irudishwe ilikotoka, ipelekwe ikatupwe ziwani. Na Feliksi, nasikitika kusema, akaunga mkono. "Nilikuwa na wasiwasi nayo tangu zamani," alisema.

Bonifasi akampigia simu Shadia, naye akaja kwa ndege ya kwanza aliyoipata. Hakumsema mtu. Alifungua mashine akaikagua, akaifunga. Akaomba damu ya Meneja, na ya yule mtamba wa mahari, na ya ng'ombe mmoja wa jirani ambaye alikuwa na mimba kubwa hata kipofu angeijua. Akaweka vichupa, akabonyeza, akakaa chini mikono mapajani. Sisi tumejaa mlangoni, Agnesi na Yona wako nje na Meneja kwenye kamba, Frida mbele kabisa, ameshika mwimo wa mlango kama anasubiri hukumu. Na hukumu ilikuwa yake kweli, maana boti ya Yona ya kwenda ng'ambo ilikuwa inaondoka wiki ileile.

Mkono wa chuma ukafanya kazi yake. Ncha mpya, tone, tupa. Ncha mpya, tone, tupa. Dawa ikatiwa. Tukangoja. Kishimo cha yule wa jirani kikageuka njano. Cha mtamba kikabaki cheupe. Cha Meneja kikabaki cheupe.

"Mashine ni nzima," Shadia akasema. "Mzee Feliksi, shikamoo. Hebu sasa nifanyie wewe, kama unavyofanya siku zote. Usibadilishe kitu."

Feliksi akaweka vichupa. Akabonyeza. Mashine ikamaliza matone yake. Halafu, kwa mazoea tu jamani, hata hakufikiri, akafungua droo, akatoa kibomba, akachovya kwa yule mwenye mimba, akadondosha nyongeza, akakisuuza kikombeni, akachovya kwa mtamba, akadondosha, akasuuza, akachovya kwa Meneja.

Shadia akavuta kiti akakaa. Akashika kichwa.

Vishimo vyote vitatu vikageuka njano. Njano ya papai.

"Mzee wangu," Shadia akasema kwa sauti ya upole inayoumiza kuliko matusi, "hiki kibomba kimetoka wapi?"

"Naongeza kidogo tu, mwanangu. Tone moja tu. Watu wanaomba."

"Tone lako limebeba damu ya mwenye mimba ukampelekea mtamba, na ukampelekea dume. Hiyo mimba umeigawa wewe. Na kikombe hiki kina damu ya ng'ombe wote wa Gungu. Hukumwongezea mtu chochote, Mzee. Umewachanganya wote."

Feliksi akatugeukia. Alitutafuta macho, sisi tuliokuwa tunasema "na mimi, na mimi." Kila mtu alikuwa anatazama pembeni. Mzee Bonifasi alikuwa anakagua dari kana kwamba anataka kuinunua. Hakuna aliyesema, "Mimi ndiye niliyeomba." Hata mmoja! Niliona haya kwa niaba yenu.

Aliyesogea ni Frida. Alimshika baba yake mkono, ule wenye kibomba, akakitoa vidoleni taratibu, akakiweka mezani. "Baba," akasema, "mwambie shangazi."

Na Feliksi, nampa heshima yake, alitoka nje akiwa na koti lake jeupe, mbele ya mji mzima, akasimama mbele ya Agnesi.

"Mama Agnesi, hukuiba. Damu ilikuwa ya mtamba wako. Mwongo ni mkono wangu. Nilikuita mwizi mbele ya kijana wako, na nakuomba radhi mbele yake. Mtamba nampokea alivyo. Kama Yona bado anamtaka binti yangu, achukue baraka yangu. Sitaki kitu kingine."

Yona akatazama viatu vyake. Akatabasamu. Frida akaanza kulia papo hapo, na Verediana, na mimi, na Shadia ambaye hakuwajua hata majina yao.

Agnesi alimtazama Feliksi juu mpaka chini, kama anavyotazama kopo kabla ya kupitisha kijiti. Kisha akamnyang'anya Yona ile kamba, akaiweka mkononi mwa Feliksi.

"Tulikubaliana mtamba mwenye mimba," akasema. "Mimi sijawahi kupunja mtu. Huyu Meneja atakaa zizini kwako mpaka kipimo kitimie. Hesabu kuwa ni nyongeza. Ya kwanza kutoa maishani mwangu, na ya mwisho, kwa hiyo usinizoeshe."

Sikuwahi kusikia vigelegele vile. Hata Meneja aliinua kichwa, nadhani alielewa anakopelekwa.

Harusi ilifungwa. Gauni nililifumua kiuno nikalirudisha lilipokuwa, halafu nikaongeza kidogo maana bibi harusi alikuwa anakula vizuri. Baada ya miezi damu ya mtamba ikavutwa tena. Feliksi aliweka kichupa, akabonyeza, akasimama mikono nyuma, mkono mmoja umeushika mwingine. Tukajazana dirishani, hakuna aliyethubutu hata kukohoa. Kishimo kimoja kikageuka njano, cha mtamba. Cha Mzee Bonifasi kikabaki cheupe. Mzee akafungua mdomo, "Feliksi, hebu niongez..." na foleni nzima ikamgeukia, "Nyamaza!"

Ndoo ya Verediana imerudi ukutani.

FUNZO

Jamani, nyongeza ni kitu kizuri. Iko mahali pake: kwenye mawese, kwenye ubwabwa wa mgeni, kwenye salamu. Lakini kuna vitu ambavyo kipimo chake ndiyo heshima yake, na ukikiongeza umekiharibu. Mimi mteja akiniomba nyongeza ya kifungo nampa. Akiniomba nyongeza ya kiuno namwuliza, unataka gauni likuvuke kanisani? Tone la damu la ng'ombe wako likichanganyika na la jirani, si lako tena wala si lake. Na kama mnadhani ni mambo ya ng'ombe tu, kumbukeni kuna mahali wanapimwa watoto wenu.

La pili nalisema nikiwatazama usoni. Feliksi alikosea, ndiyo, kwa kupenda kusifiwa, na nusura amtoe mwanawe sadaka kwa sifa hiyo. Lakini nani alisimama dirishani akimwambia "mama yako asingenifanyia hivi"? Mtaalamu akikwambia hiki ndicho kipimo, usimbembeleze avunje sheria kwa ajili yako, halafu mambo yakiharibika ukatazama dari. Mwache afanye kazi yake. Ukitaka nyongeza, nenda Mwanga.

Ila kwa Agnesi usijaribu, ameshatoa ya kwake.